Ulimbo Uliohama

Tenda wema nenda zako, wahenga walishauri. Naye alitenda, akaenda zake kwa miaka 15. Daftari la tenzi alilorithi kwa babu yake, lililoandikwa kwa hati za Kiarabu, lilimfikia likiwa limechanika. Mwaka 1994, akiwa mwanafunzi, alizibandika kurasa zake selotepu ya bei rahisi. Alipolifungua tena mwaka 2009 ili anakili beti kwa hati za Kirumi, utepe ulijibandukia wenyewe mithili ya ganda la kitunguu, ukaacha milia ya kahawia iliyopenya hadi upande wa pili. Wino nao ulikuwa umetambaa. Katika hati hizo nukta ndizo zitenganishazo be na te. Nukta zikipotea, neno limepotea.

Gundi ya utepe wa aina hiyo, ambao Richard Drew aliuvumbua na ukaanza kuuzwa Marekani mwaka 1930, ni mseto wa mpira na ulimbo, aghalabu utomvu wa msonobari. Molekuli za mpira ni ndefu, zimesokotana kama nyuzi. Peke yake haunati vya kutosha. Molekuli za ulimbo ni fupi mno. Hujipenyeza baina ya nyuzi hizo na kuulegeza mpira, upate kutandaa juu ya karatasi unapobonyezwa taratibu. Lakini utepe ukivutwa ghafla, ulimbo uo huo huufanya mpira ukakamae, ukatae kubanduka. Ajabu hiyo ina kipimo chake: ulimbo ukizidi, gundi yote huwa ngumu na mnato hutoweka.

Ufupi huo ndio uliomponza. Mpira unapozeeka nyuzi zake hukatika, gundi ikawa kama mafuta, na ulimbo ukahamia ndani ya karatasi. Humo hewa na mwanga huugeuza manjano, kisha kahawia. Mwishowe hukauka kabisa, hata viyeyusho vikauondoa kwa shida.

Hata wataalamu walioyaunganisha Magombo ya Bahari ya Chumvi mjini Jerusalem katika miaka ya 1950 walitumia selotepu, na tangu mwaka 1991 mafundi wamekuwa wakiibandua kwa subira kubwa.

Mhifadhi wa nyaraka aliyemwendea alimfundisha kutumia karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ambayo maji huilainisha. Beti nyingi zilinusurika. Tatu alizinakili na kuacha nafasi tupu penye vina, akitumaini kumpata mzee aliyewahi kuzisikia zikighaniwa.