Mume Bukoba, Mimi Mwanza, na Mbegu za Merigoldi

Kuna wapenzi wanaotumiana maua. Mimi na mume wangu tunapeana habari za maua, na ndugu msomaji, sijui kipi kitamu zaidi!

Tangu ahamishiwe Bukoba kikazi, ziwa zima liko katikati yetu. Simu zetu za usiku zikageuka kikao cha bajeti: kodi imelipwa? LUKU imeisha? Watoto wamepona mafua? Haya, usiku mwema. Ndoa ikianza kuongea hivyo, shtuka.

Alipokuja likizo mwezi Septemba, akaleta mbegu za merigoldi, yale maua ya manjano na rangi ya chungwa ambayo Wahindu huyatungia mashada wakati wa Diwali. Nikamuuliza, jamani, maua yanaliwa? Hapa Isamilo udongo wenyewe tunaugombania na mawe! Akasema tu, "Mama watoto, tupande." Tukapanda siku moja kabla hajaondoka, mvua za vuli zikinukia.

Kazi yenyewe haihitaji utaalamu. Tulitoboa makopo chini, tukajaza udongo laini wenye mboji, tukazifukia mbegu kina kisichozidi sentimita 1. Maji ni ya kunyunyiza, si ya kumwaga. Kwa joto la Mwanza, siku 5 hadi 10 zinatosha. Siku ya sita nilimpigia kabla hata ya chai: "Yameota!" Akauliza, "Mangapi?" Nikahesabu 14. Usiku akauliza tena kama yameongezeka. Bajeti ikasubiri.

Miche ilipopata majani manne halisi tuliihamishia juani, sentimita 30 kutoka mche hadi mche. Nasema "tuliihamishia" kwa sababu alikuwa hewani, spika imewashwa. Hata siku ya kukata ncha ili mmea utoe matawi, alisisitiza nimsubiri atoke kazini.

Wiki ya tisa yakachanua. Na kumbe si pambo tu: yakipandwa kwa wingi msimu mzima, mizizi yake hupunguza minyoo inayoshambulia mizizi ya nyanya.

Alipokuja Krismasi, tulikaa bustanini tukichuma maua yaliyonyauka ili mengine yazidi kutoka. Mikono ikiwa na kazi, mdomo nao ukafunguka. Ndipo tulipolizungumza lile tulilolikwepa miezi mingi: hivi nani ataacha kazi yake amfuate mwenzake? Hatukupata jibu siku ile. Ila kwa mara ya kwanza hakuna aliyenuna, na sasa barua ya kuomba uhamisho imeshaandikwa.

Kama mwenzi wako yuko mbali, usingoje Valentine akutumie shada litakalonyauka Jumapili. Tafuteni mbegu. Mengine yaacheni yakaukie shinani, mkusanye mbegu zake mgawane, nusu kwake, nusu kwako. Mapenzi ya mbali hayafi kwa kukosa zawadi. Yanakufa kwa kukosa jambo la kuulizana kesho.