Hongera, ila hatulipi

Wadau, juzi rafiki yangu aliyesoma sheria pale Mlimani kapata barua pepe aliyoisubiri miezi minne: nafasi ya kujifunza kazi, miezi sita, kwenye taasisi moja ya kimataifa huko Arusha. Tukashangilia weee! Aya ya tatu ndiyo ikatunyamazisha. Hakuna posho. Chumba, chakula na nauli ni juu yake.

Na si wao peke yao. Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa nayo hailipi vijana wanaokwenda kujifunza kazi. Mwaka 2015 kijana wa New Zealand, David Hyde, alilala kwenye hema Geneva mpaka habari ikazunguka dunia. Sasa fikiria mtoto wa mama lishe wa Manzese... Sisi wa magazeti tunalipwa kiduchu kwa kila habari, lakini angalau jioni unakula kwenu.

Halafu tangazo la ajira likitoka, linadai uzoefu wa kimataifa. Ataupata wapi asiye na mjomba Njiro?

Jibu linatakiwa Ijumaa. Mama yake anasema kikoba kitamkopesha kodi ya miezi mitatu. Mitatu mingine bado tunapiga hesabu.