Kwa nini dozi ya mgonjwa wa figo haifanani na ya jirani

Vidonge vya mgonjwa hukaguliwa na familia nzima. Huko Makambako, binti anaweza kuhesabu dawa za mama yake mwenye ugonjwa wa figo, akakumbuka kuwa jirani mwenye presha humeza kidonge kimoja tu cha dawa hiyohiyo ya kupunguza maji, akashtuka: "Mama, mbona wewe umeandikiwa vitatu? Si vitakumaliza figo?" Mama anapunguza. Siku chache baadaye viatu havimwingii, na usiku hapati usingizi bila kuegemea mito.

Binti kama huyo hupunguza dawa kwa upendo. Anachokosa ni maelezo.

Dawa inayotumika sana ni furosemaidi, ambayo wengi wanaijua kama Lasix. Haifanyi kazi ikiwa bado kwenye damu. Ni lazima figo ziitoe kwenye damu na kuiingiza katika mirija midogo ya mkojo. Humo ndimo inapozuia chumvi isirudi mwilini, na chumvi ikitoka, maji huifuata. Figo zilizoharibika zina mirija michache inayofanya kazi, na uchafu uliobaki kwenye damu hugombania njia ileile na dawa. Ndiyo maana miligramu 40 zinazompeleka jirani chooni ndani ya saa moja zinaweza zisimsaidie mama, mpaka dozi ipande.

Hata hivyo, dozi haipandi bila mwisho. Ikipita kiwango fulani mkojo hauongezeki tena, bali masikio huweza kuanza kuvuma na usikivu kupungua. Anayepanga ni daktari, akiwa na majibu ya vipimo vya damu. Nyumbani hapaongezwi wala kupunguzwa.

Familia ina kazi nyingine. Mgonjwa apimwe uzito kila asubuhi, kwa sababu kilo zinazoongezeka haraka mara nyingi ni maji. Kwa baridi ya Njombe mtu hushinda na soksi, uvimbe usionekane. Jioni zivuliwe, mguu ubonyezwe kwa kidole. Shimo likibaki, maji yapo. Chumvi ipunguzwe. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zisinunuliwe kiholela, maana hudhoofisha furosemaidi na kuziumiza figo zaidi.

Lipo pia suala la parachichi na viazi, vyakula vya nyumbani Njombe. Jirani huenda aliambiwa ale vyakula vyenye potasiamu kwa kuwa dawa huitoa kwenye mkojo. Figo dhaifu zinaweza kuirundika, na ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Mgonjwa aulize kiasi chake kliniki.

Wengine huruka kidonge siku ya kwenda kliniki Njombe, wakihofia kubanwa na mkojo ndani ya Coaster. Wamuulize daktari mapema kama saa ya kumeza inaweza kusogezwa siku ya safari.

Idadi ya vidonge ikimtisha binti, abebe karatasi ya dawa aende na mama yake kwa daktari. Lakini mama akianza kukosa pumzi, au mkojo ukikata, wasisubiri tarehe ya kliniki. Wampeleke hospitali usiku huohuo.