Kufuata Mzigo Kariakoo

Dera nililokuwa nikiuza sokoni Majengo, Dodoma, nililichukua kwa shilingi 12,000 kwa muuzaji wa jumla wa pale pale mjini, nikaliuza 15,000. Ukitoa ushuru na nauli za bodaboda, inabaki hela ya kula, na hela ya kula haimtoi kijana kwa wazazi wake. Nikaamua kufuata mzigo Kariakoo, Dar es Salaam, mwenyewe. Nilikuwa na 800,000, nyingi zikiwa za mchezo wa kupeana pesa kwa zamu tuliocheza na wauzaji wenzangu. Zamu yangu ilipofika sikununua hata viatu.

Nilipanda treni ya SGR asubuhi, daraja la kawaida, 31,000. Basi lilikuwa likimaliza siku njiani. Treni hii, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, huchukua kama saa nne tu njiani. Pesa niliziacha kwenye simu, mkononi nikabaki na za matumizi tu.

Mtaa wa Kongo pale Kariakoo lazima uuingie ndipo uuelewe. Spika zinataja bei, mikokoteni inapita katikati ya watu, na kila hatua kuna anayekuita: “Dada, unatafuta nini? Twende nikuoneshe.” Hao ndio mawinga. Winga hana duka. Anakupeleka kwa mwenye duka, anapandisha bei kidogo, na hicho cha juu ndiyo riziki yake. Siwalaumu hata kidogo. Ni vijana kama mimi, wanajitafutia bila mtaji. Ila mwenye laki nane hana cha juu cha kugawa. Niliwashukuru, nikawa naingia duka hadi duka na daftari langu, nauliza bei na kuandika.

Duka nililotulia lilikuwa la mzee mmoja wa Kipemba.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Rejareja au jumla?”

Nikamwambia jumla, na kwamba ndiyo mara yangu ya kwanza. Akashusha madera mawili ya rangi moja, la 7,000 na la 8,500. Akalowesha pindo la kila moja kwa maji ya chupa, akasugua kwa karatasi nyeupe. La kwanza liliacha doa jekundu, la pili karatasi ikabaki safi. Akayageuza ndani nje: la rahisi lilikuwa na mshono mmoja tena wa kuyumba, la pili limepigwa ovaloki pande zote.

“Hili la kwanza,” alisema, “mteja utamuuzia siku moja tu.”

Nilitaka dazani saba za 8,500. Akanizuia, na mfanyabiashara anayemzuia mteja asinunue namheshimu mpaka leo. Alinikumbusha soko kuu la Kariakoo, lile jengo alilolisanifu Beda Amuli likafunguliwa mwaka 1975, ambalo liliungua Julai 2021. Alikuwa akiwajua watu ambao kila walichokuwa nacho kilikuwa ndani ya vizimba vile. “Chukua tano. Nyingine weka pasipofika moto.”

Nikalipa 510,000, nikadai risiti ya EFD, nikalala Buguruni kwa shangazi. Nauli kwenda na kurudi 62,000, kusafirisha mzigo kwa basi 15,000. Ukigawa yote kwa madera 60, kila moja lilinifikia Dodoma kwa 9,800 hivi. Bei kwa mteja sikupandisha. Nilichoongeza ni zile 2,200 zilizokuwa zikibaki kwa mtu mwingine.

Nilipoulizia pasipofika moto, nilielekezwa kwenye hati fungani za serikali. Benki Kuu ya Tanzania huziuza kwa mnada, unaanzia shilingi milioni 1, riba inalipwa mara mbili kwa mwaka, na za muda mrefu zaidi ni za miaka 25. Zile 2,200 za kila dera nilizitenga mpaka zikatimia milioni, nikanunua. Zilizofuata ndizo zilizonitoa kwa wazazi: chumba ninachoishi sasa nimepanga mwenyewe, na kodi nalipa mwenyewe.

Kijana mwenzangu unayeuza bidhaa uliyoinunua kwa mtu wa tatu au wa nne, chukua kalamu usiku huu. Andika bei unayonunulia, bei ya Kariakoo, nauli na gharama ya mzigo. Ukiona tofauti inakulipa, usimtume mtu. Panda gari uende.