Kwa Mpwa Wangu Anayeshika Ruzuku za Wazee

Nyeri

Mpwa wangu mpendwa,

Baba yako ameshatangaza soko zima la Karatina kwamba umepewa kusimamia ruzuku katika shirika la Kiyahudi huko Marekani. Hongera sana. Yeye anadhani umekuwa mhasibu, nami nimemwacha hivyo hivyo. Kazi yenyewe naijua: kuomba fedha, kulinda masharti yake, kisha kuhakikisha Jumanne asubuhi kuna mtu aliyefika kumwogesha bibi wa miaka tisini.

Umeniuliza wazee wetu wa Mau Mau wamenifunza nini. Tazama kwanza tarehe mbili. Tarehe 10 Septemba 1952, kule Luxembourg, Ujerumani Magharibi ilitia saini mikataba ya kuilipa Israeli na Claims Conference, chombo cha Wayahudi kilichoundwa mwaka uliotangulia, ambacho mpaka leo hugharimia huduma za nyumbani kwa manusura wa mauaji ya Wanazi kupitia mashirika kama lenu. Siku 40 baadaye, tarehe 20 Oktoba, Waingereza wakatangaza hali ya hatari hapa kwetu. Wayahudi walipokuwa wakiahidiwa fidia, wazee wetu ndio kwanza walikuwa wakipakiwa kwenye malori kwenda kambi za kizuizini. Wakangoja mpaka tarehe 6 Juni 2013, waziri wa mambo ya nje William Hague aliposimama bungeni London kusema serikali yake inasikitika kwa mateso yao. Na tusiwatupie wageni lawama zote: Mau Mau ilibaki marufuku humu humu Kenya mpaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru.

Sasa hesabu. Kumaliza kesi yao ya London, Uingereza ilikubali kutoa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Mzee mwenye mjukuu aliyesoma aligawiwa hesabu hiyo jikoni, ikatoka pauni 3,800 hivi. Lakini kiasi kile kilikuwa na gharama za kesi ndani yake, kwa hiyo kilichofika mkononi kilipungua. Kijijini, aliyelieleza jambo hilo mapema aliaminika. Aliyelieleza baada ya malipo aliitwa mwizi, hata kama maneno yalikuwa yale yale. Nawe utakuwa na mishahara, mafuta ya gari na mkaguzi wa hesabu wa kulipa. Yataje kabla hela hazijaingia.

Ila linaloniuma zaidi si hela. Nilimwona bibi mmoja wa Othaya amekuja kuandikishwa kwenye huduma yetu, kitambulisho chake amekifunga ndani ya pakiti ya maziwa iliyooshwa. Mashine ilikataa vidole vyake, kwa kuwa kuchuma majani chai kulikuwa kumeshavisugua mistari yote. Kijana mwenye fomu akamwambia aeleze tena alichofanyiwa kambini, maana mfadhili mpya alitaka simulizi. Mwanawe wa kiume alikuwa amesimama hapo hapo, amemshikia mwavuli. Bibi akamtazama yule kijana, akasema, "Andika nilipigwa," akafunga mdomo.

Jane Muthoni Mara aliyaeleza mateso yake katika kesi ya London, nchi nzima ikayasoma. Wambugu wa Nyingi alieleza ya kambi ya Hola, Machi 1959, walipouawa wafungwa 11, naye akatupwa pamoja na maiti, walinzi wakidhani amekufa. Wao walikubali wenyewe, na kesi ilihitaji ushahidi. Ripoti ya robo mwaka haihitaji. Mfadhili akikuomba hadithi ya kumliza, mpe idadi ya saa za huduma na majina ya dawa zilizonunuliwa. Historia ya mzee ichukuliwe mara moja, kwa lugha yake na kwa hiari yake, halafu faili lifungiwe kabatini.

Sisemi karatasi ni adui. Mafaili ya kikoloni yaliyofichwa Hanslope Park, yaliyojulikana hadharani 2011, ndiyo yaliyoipa nguvu kesi ya kwanza. Kesi ya pili ilikuwa na wadai zaidi ya 40,000, nayo ikaanguka 2018. Muda ulikuwa umepita mno, na waliojua mambo wengi wao wameshazikwa. Kwa hiyo andikeni mapema. Na fomu yenu iwe na nafasi ya majina kadhaa. Hapa mzee ana jina la ubatizo, la kitambulisho na lile alilojulikana nalo msituni, na mwaka wake wa kuzaliwa umekisiwa kwa rika alilotahiriwa nalo. Wa kwenu huenda wana la Kipolandi, la Kiebrania na lile walilojipa walipofika Marekani. Mkaguzi ataona watu watatu, wewe unamjua ni mmoja.

Ukipata nafasi nijibu hili: mzee akifariki katikati ya mwaka wa ruzuku, saa zake za huduma zinakwenda kwa nani? Mjane wake anaendelea kuhudumiwa, au hela zinarudi kwa mfadhili? Hapa mhasibu wetu ana jibu lake na mimi nina langu, na kikao ni mwisho wa mwezi.

Shangazi yako