Mama wa Saruji

Ukiwa Kampala na una noti mfukoni, unatembea na kazi ya Gregory Maloba. Noti za Uganda zilizoanza kutolewa 2010 zina picha ya Mnara wa Uhuru, ile sanamu iliyo jirani na hoteli ya Sheraton. Watu wanazikunja, wanazilowesha jasho, wanagombania chenji, na wengi hawajui kwamba aliyeiunda sanamu hiyo alikuwa Mkenya.

Maloba alizaliwa 1922, akasoma chuo cha Makerere, Kampala, kwa Margaret Trowell, mwalimu aliyeanza kufundisha sanaa barazani kwake. Mwaka 1941, akiwa bado kijana kabisa, alichonga kinyago cha mti na kukiita Mauti. (Wenzake wa umri ule, nadhani, walikuwa wakiwaza mambo mengine.) Alikwenda Uingereza kusoma, akarudi kufundisha Makerere, kisha Nairobi. Maisha yake yote yakawa hayo: kuunda na kufundisha.

Mnara wenyewe ni wa 1962. Mama amesimama wima, mwili umezongwa vitambaa kama aliyetoka kufungwa. Amemwinua mtoto, na mtoto naye amenyoosha mikono kuelekea mbinguni. Si shaba wala mpingo. Ni saruji, ileile ya kujengea vyoo na vibaraza.

Mimi hurudi kwenye vile vitambaa. Mwaka ule Uganda ilipata uhuru, ulikuwa wa ngoma na bendera. Maloba angemwacha mama yule akikimbia huru, nani angemlaumu? Yeye akamwacha na vifungo vyake, mtoto peke yake ndiye huru. Kuambiwa utumbuize sherehe na bado ukasema kweli, tena bila kuiharibu sherehe, si kazi ya kila mtu. Mimi nikialikwa kuzungumza harusini huishia kusifu tu.

Halafu yakaja ya kuja. 1966 jeshi likavamia kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda. 1971 Idi Amin akapindua serikali. Marais wakapokezana, mama akabaki palepale. Naamini kilichomwokoa ni sura yake: si ya rais, si ya mfalme, si ya kabila fulani. Aliyeingia madarakani hakuona adui wa kubomoa, na aliyefukuzwa hakuwa na chake cha kudai.

Huku kwetu tumezoea kinyume. Darasa likijengwa, kitu cha kwanza kukamilika ni jiwe la msingi lenye jina la mheshimiwa, herufi za dhahabu, tarehe, na cheo chake kwa kirefu. Nimeona kisima ambacho pampu yake imekufa zamani lakini jiwe linang'aa. Serikali ikibadilika, mheshimiwa mpya huja na jiwe lake.

Ila sitaki kusifu kutotajwa majina kupita kiasi. Sanamu isiyo na jina la mkubwa ni jambo moja. Fundi asiyetajwa ni jambo lingine, na la pili mara nyingi ni dhuluma tu. Kamati yetu ya mtaa inajenga maktaba ndogo. Nimependekeza ukutani yaandikwe majina ya waashi na seremala, basi. Mwenyekiti anasema tusubiri kwanza tujue nani atakuja kuizindua. Tumeahirisha kikao, na mimi sijaondoa hoja yangu.