Somo la Siku Chini ya Mlima Hanang

Mtu asomaye Maandiko kila siku kwa utaratibu uliowekwa hujinyima jambo moja ambalo watu wengi hawapendi kujinyima, nalo ni kuchagua. Achaguaye mwenyewe hurudi daima katika kurasa azipendazo: Zaburi ya mchungaji, mfano wa mwana mpotevu, maneno ya Yesu usiku ule wa karamu ya mwisho. Kurasa za maonyo na za maombolezo huziruka, kama mtu mwenye deni apitavyo mbali na nyumba ya mdai wake. Lakini afuataye somo la siku hupokea alichowekewa. Leo huja neno tamu, kesho neno gumu, keshokutwa orodha ya majina ya watu wa kale ambayo ulimi wa mtoto huyakwaa moja baada ya jingine. Naye huyasoma yote, kwa kuwa ndiyo ya siku ile.

Desturi hiyo imeingia hata katika nchi ya Dirma na vijiji vilivyo jirani nayo. Nchi hiyo leo imo katika Mkoa wa Manyara, uliokatwa katika Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Hapo kale sehemu zile za Mbulu na Hanang zilikuwa wilaya moja tu, na Mbulu ndiyo iliyokuwa makao makuu. Wakaao humo ni Wairaqw, ambao hulima na kufuga, na Wadatoga, watu wa ng'ombe tangu zamani, pamoja na wengine waliotoka pande za Singida. Lugha zao hazifanani hata kidogo. Kiiraqw kina udugu na lugha za Uhabeshi, Kidatoga kina udugu na lugha za watu wa mto Nile, na Kinyaturu ni cha jamii moja na Kiswahili. Basi Kiswahili kimekuwa daraja la wote, nacho ndicho ambacho Maandiko husomwa kwacho katika makanisa mengi.

Kwa sababu hiyo, katika nyumba nyingi mwenye kusoma vema si mzee bali mtoto aendaye shuleni. Mtoto hukaa karibu na moto, hufungua kitabu, husoma aya zilizoandikwa katika kalenda. Bibi yake husikiliza. Akisha kusoma, bibi huuliza, "Maana yake nini?" na mtoto hutakiwa kueleza kwa lugha ya nyumbani neno ambalo amelisoma kwa lugha ya shule. Hapo ndipo mjukuu hutambua kwamba kusoma sana si kuelewa. Aya ambayo ameitamka upesi bila kukosa humponyoka kabisa anapotaka kumpa mtu mwingine.

Swali jingine laulizwa mara nyingi na watoto, nalo ni la haki: ni nani aliyechagua somo la leo? Majibu ni zaidi ya moja. Katika mji mdogo wa Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, mkuu wa Wamoraviani aitwaye Zinzendorf alianza kuwapa watu wake aya moja ya kushika kwa siku nzima, na watu wakaipeleka nyumba kwa nyumba. Tangu mwaka 1731 aya hizo hupigwa chapa kitabuni kwa mwaka mzima. Aya ya Agano la Kale huchaguliwa kwa kura, kisha hutafutwa aya ya Agano Jipya ya kufuatana nayo. Kitabu hicho kimefasiriwa kwa lugha nyingi sana za dunia. Wakatoliki wana mpango mwingine. Masomo ya Misa waliyonayo sasa yalipangwa upya mwaka 1969: ya Jumapili huzunguka kwa miaka 3, yaitwayo A, B na C, ili watu wasikie sehemu kubwa ya Biblia kuliko zamani. Walutheri, ambao katika nchi ya Mbulu walipata nguvu kwa kazi ya wamisionari wa Norwei, waliofungua hospitali ya Haydom mwaka 1955, wana kalenda yao wenyewe. Njia ni mbalimbali, lakini zote zafanana kwa jambo moja: mtu wa Dirma aamkapo hakuulizwa anataka kusoma nini.

Neno lenyewe limesafiri mbali mpaka kufika penye mafiga yale. Krapf alianza kufasiri Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844. Askofu Steere wa Unguja akatoa Agano Jipya, likapigwa chapa mwaka 1879, na Biblia nzima ya Kiunguja ikatoka mwaka 1891. Watu wa Mombasa wakawa na yao mwaka 1914, na Mjerumani Roehl akatoa yake mwaka 1937. Wakristo wa pwani na wa bara wakawa hawasomi maneno yale yale, hata ikapatikana Biblia ya umoja mwaka 1952, nayo ndiyo ambayo wazee wengi wa leo wamelelewa nayo.

Yafaa kukaa kidogo na yule bibi. Wairaqw wa kale walimjua Mungu kwa jina la Lo'a, nao walipomtaja walimtaja kama mama: mwema, mwenye mwanga wa jua, mwenye kuwahurumia watu wake. Kiswahili hakisemi kama Mungu ni wa kiume au wa kike. Neno "yeye" latosha kwa wote. Kiiraqw sivyo, lugha yenyewe humlazimu msemaji kuonyesha. Basi mjukuu asomapo "Baba yetu", mwanamke mzee aliyesikia tangu utoto wake watu wakimwomba Lo'a aweza kunyamaza kidogo, wala si kwa ukaidi. Anapima. Walimu wengine wa zamani waliona ukimya huo kuwa ni upagani uliosalia, wakaukemea. Yaelekea walikuwa na haraka. Kwa maana katika mzunguko wa masomo huja pia siku ya Isaya, sura ya 49 na ya 66, ambapo Mungu asema kwamba hawezi kuwasahau watu wake hata kama mama angeweza kumsahau mtoto anyonyaye, na kwamba atawafariji kama mama amfarijivyo mwanawe. Mtoto hakuitafuta aya hiyo ili kumpendeza bibi. Imekuja kwa zamu yake, na siku hiyo bibi haulizi maana.

Tena Wairaqw wanayo sala yao ya kale iitwayo slufay. Mzee husema maneno ya baraka kwa mpango mzuri kama shairi, akiombea mvua, mifugo, watoto na amani, na watu waliomzunguka humwitikia. Hapana asikilizaye tu kama mgeni. Aliyezoea slufay huona ni ajabu mtu kusoma Maandiko peke yake, kimya, macho yakitembea juu ya karatasi na midomo imefungwa. Lakini wimbo wa katikati katika Misa haumshangazi, kwa kuwa mmoja huimba na wote hurudia kiitikio. Pengine ndiyo sababu somo la siku hukaa vema zaidi katika nyumba ambayo hulisoma kwa sauti.

Haya yote ni mambo ya siku za amani. Desturi ya kupokea neno usilolichagua hujaribiwa siku ya msiba, na nchi ya Hanang imejaribiwa.

Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, asubuhi mapema, baada ya mvua kubwa, sehemu ya ubavu wa mlima Hanang iliyolowa maji ilikatika. Mlima huo, wenye urefu wa mita zipatazo 3,420, ni volkano ya kale, na watu wengine walidhani kwamba umeamka. Wataalamu wa serikali wakaeleza kwamba sivyo, bali ni udongo na miamba laini vilivyoshiba maji vikashindwa kujizuia. Tope likashuka pamoja na mawe na magogo, likaingia katika mji wa Katesh na kijiji cha Gendabi. Zaidi ya watu 80 walikufa, na wengine zaidi ya 100 wakaumia. Nyumba zilizolala salama usiku hazikuonekana mahali pake kulipokucha.

Jumapili hiyo ilikuwa ya kwanza ya Majilio, na mwaka mpya wa kanisa, mwaka B, ulikuwa unaanza. Somo la kwanza la Misa, lililowekwa kwa siku hiyo tangu mpango ule wa 1969, lilikuwa la Isaya, sura ya 63 na ya 64. Nabii amwomba Mungu apasue mbingu, ashuke, milima itetemeke mbele yake. Mbele kidogo asema kwamba watu ni udongo na Mungu ndiye mfinyanzi wao. Kisha Injili ya Marko yawaambia watu wakeshe, kwa kuwa hawajui saa, kama ni jioni, au usiku wa manane, au awikapo jogoo, au asubuhi.

Mtu aweza kuyasikia hayo akatetemeka, akasema ulikuwa unabii. Haifai kusema hivyo. Masomo yale yale yalisomwa siku ile Roma, na Nairobi, na katika visiwa vya mbali ambavyo mvua haikunyesha. Waliyoyapanga hawakuijua Katesh. Wala haifai kusema kwamba waliokufa walikuwa na dhambi kuliko waliopona. Jambo hilo Yesu mwenyewe aliulizwa habari zake, naye akataja wale watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakana waziwazi kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Asomaye Luka, sura ya 13, hana ruhusa tena ya kusema maneno ya namna hiyo penye matanga.

Lakini somo lile la Isaya likisomwa vema si kitisho. Ni lalamiko. Ni sala ya watu ambao mji wao umeharibika, wanaoona kwamba Mungu ameuficha uso wake, nao hawamwachi; wanamwita Baba na kumuuliza kwa nini. Mtu aliyempoteza mtoto topeni hakuwa na haja ya kutafuta maneno yake mwenyewe. Yalikuwa yameandikwa tayari, na watu wa dunia nzima walikuwa wakiyatamka siku ile ile pamoja naye.

Juma likaendelea, na masomo nayo yakaendelea, bila kungoja watu wapumzike. Jumatatu, wakati wazikaji walipokuwa wakichimba, lilikuja tena neno la Isaya, sura ya 2, la mlima wa Bwana, na mataifa wakialikana kuupanda. Jumatano, Isaya sura ya 25: juu ya mlima huu Bwana atawafanyia watu wote karamu, atameza mauti, atafuta machozi katika nyuso zote. Mlima tena. Yamkini kuna waliosikia neno "mlima" juma lile wakainamisha kichwa.

Kisha ikaja Alhamisi, tarehe 7 Desemba. Injili ya siku hiyo ni Mathayo, sura ya 7: mtu mwenye akili aliyejenga nyumba yake juu ya mwamba, na mpumbavu aliyejenga juu ya mchanga; mvua ikanyesha, mafuriko yakaja, pepo zikavuma, na nyumba moja ikaanguka, anguko kubwa.

Hebu mwanafunzi afikiri juu ya msomaji wa siku hiyo. Mbele yake aweza kuwapo mtu ambaye nyumba yake imechukuliwa na mafuriko siku nne zilizopita. Je, aruke? Aweke somo jingine la faraja? Wako watakaosema ndiyo, na moyo wao ni mwema. Walakini akiruka, mwenye msiba atalijua pengo lile, naye atadhani kwamba kanisa limeona mfano ule unamhusu, likamwonea aibu. Ni heri usomwe, kisha uelezwe. Mwenye akili katika mfano huo si yeye aliyepata kiwanja kizuri, wala mpumbavu si yeye aliyejenga chini ya mlima ambao babu zake walikaa chini yake. Yesu asema habari za mtu asikiaye maneno yake akayatenda, na za mtu asikiaye asitende. Basi juma lile watendaji walikuwako wengi: walioingia topeni kutafuta watu wasio ndugu zao, waliochukua mayatima nyumbani, waliotoa debe la mahindi katika gunia lao moja. Baadhi yao nyumba zao zilikuwa zimekwenda na maji.

Baadaye serikali iliwajengea waathirika nyumba mpya mahali pengine wilayani, na mashamba yaliyofunikwa yakaanza kuota majani. Masomo hayakubadilika. Lile la Jumapili, la milima kutetemeka, hurudi kila mwaka wa tatu. Lile la nyumba mbili hurudi kila mwaka, Alhamisi ya juma la kwanza la Majilio, wakati mvua za Hanang zinaponyesha. Msomaji hupanda, hufungua kitabu palipo na utepe, huwatazama waliokaa mbele yake, ambao awajua nyumba kwa nyumba, kisha huanza kusoma.